Mbwa wa Ukurasa wa Mwisho

Palikuwa na nchi moja, si zamani sana maana baadhi yetu bado tupo, ambayo jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Wakati mambo haya yanatokea, jina la nchi lilikuwa limepelekwa kwenye kamati ya ukarabati, na mpaka leo halijarudishwa.

Serikali ya nchi hiyo ilikuwa na upendo mwingi. Ilitupenda kiasi cha kushindwa kula vizuri kwa kufikiria tunaongea nini tukiwa ndani kwetu. Tulipokuwa tunakaa nyumba za chini, jambo hilo halikuwa na taabu: mjumbe alipita dirishani, akainama kufunga kamba za viatu, akasikia. Lakini tulipohamishiwa maghorofani kwa ajili ya maendeleo, wajumbe walishindwa na ngazi. Mmoja alizimia ghorofa ya tano, sikio likiwa bado limebanwa kwenye mlango wa watu.

Ndipo Waziri wa Ujirani Mwema, Mheshimiwa Daktari Tunzo Magwila, alipopeleka bungeni Sheria ya Mbwa wa Ghorofani. Kifungu cha tatu kilisema: kila nyumba ichague mbwa mmoja afaaye kuishi ghorofani, yaani awe mdogo, msafi, asiyenuka na asiyeharibu sakafu. Kifungu cha saba kilisema: wakiwa pamoja watu zaidi ya wanne wasio wa familia moja, huo ni mkutano, na mkutano utathibitishwa kwa mbweko wa mbwa. Wale ambao dini yao haiwaruhusu kugusana na mbwa waliambiwa wamweke kibarazani, mradi mlango uachwe wazi kidogo, apate kusikia. Sheria ilipita kwa dakika kumi na moja, kumi zikiwa za makofi.

Mimi niliajiriwa kuwa Karani wa Mbweko wa Jengo la Tumaini Namba Tisa, jengo la ghorofa nane lenye lifti iliyozinduliwa mara mbili na ambayo haijawahi kupanda. Nilikaa chini ya ngazi na daftari. Mbwa akibweka, naandika namba ya nyumba, saa, na aina ya mbweko: mfupi, mrefu, au wa kutia shaka. Sitawaficha, niliipenda kazi ile. Nilipewa kiti chenye magurudumu.

Sasa, jengo letu lilikuwa na ufa. Ulianzia ghorofa ya pili ukapanda kama mtu anayekwenda kumsalimu ndugu yake juu. Wizara ilikuja, ikautazama, ikatangaza kwamba ule si ufa ila ni mstari wa mapambo. Lakini Mwalimu Akilimali wa nyumba namba kumi na nne, aliyefundisha hesabu maisha yake yote, alikuwa akiupima kila Ijumaa kwa rula.

"Karani, mapambo haya yanakua," aliniambia. "Wiki hii yameongezeka milimita nne."

Akaita majirani sita nyumbani kwake waandike barua ya kuomba mhandisi. Mbwa wake, kitu cheupe chenye manyoya kama pamba iliyochambuliwa, alibweka dakika nzima. Nikaandika: namba kumi na nne, saa kumi na moja jioni, mrefu. Asubuhi yake mwalimu alichukuliwa kwenda semina ya ujirani mwema. Alikaa wiki tatu. Aliporudi alikuwa akinisalimu kwa kunong'ona, na rula hakuishika tena. Jino moja la mbele pia halikuwepo. Nilipomuuliza, alisema semina ilikuwa nzuri.

Nilikwenda kukaa kwenye kiti changu, na kwa mara ya kwanza magurudumu hayakunifurahisha.

*

Ghorofa ya saba, namba ishirini na nane, alikaa Bi. Sikudhani Mlekwa, mjane. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa opareta wa simu. Ndiye aliyekuwa akiwaunganisha watu enzi za kuzungusha namba kwa kidole. Alisikia ugomvi, mahari na misiba ya nchi nzima, na hakuwahi kurudia hata neno moja nje ya chumba kile.

Alikuwa hajachukua mbwa. Mara tatu aliomba kuongezewa muda kwa sababu ya mafua. Mara ya nne akakataliwa. Siku hiyo alishuka ngazi zote, akasimama mbele yangu akihema.

"Mwanangu, hiyo sheria yenyewe unayo?"

"Ninayo, mama. Lakini ni ndefu."

"Nisomee. Mimi nimestaafu, sina pa kukimbilia."

Nikamsomea yote. Akaniambia nirudie kifungu cha tatu. Nikarudia.

"Basi? Hakuna kingine kuhusu mbwa mwenyewe?"

"Hakuna, mama. Mdogo, msafi, asinuke, asiharibu sakafu."

"Ahsante," akasema. "Kesho tutakwenda kuchagua."

Alisema "tutakwenda" kwa kuwa karani wa jengo alitakiwa kuwepo kama shahidi. Ofisi ya Uchaguzi wa Mbwa ilikuwa chini ya Bwana Lwambo, Afisa Mbweko wa Wilaya, mtu mnyenyekevu kwa wakubwa na mrefu kwa wengine. Alituwekea mezani kitabu chenye picha za aina kumi na mbili za mbwa, wote wa kuagizwa ng'ambo.

"Uchaguzi ni huru kabisa, mama," alisema. "Kila mtu huchagua ukurasa wa kwanza."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na yule mweupe wa pamba, akiwa amepakatwa na Mheshimiwa Waziri.

"Ngoja nione na kurasa nyingine."

"Hizo zipo kwa ajili ya uhuru. Hazijawahi kufunguliwa."

Bi. Sikudhani akavaa miwani, akafungua. Ukurasa wa nne ulikuwa na mbwa wa kuchanwa mara mbili kwa siku. "Nywele zangu zenyewe nachana nikialikwa harusi," akasema, akafunua. Wa sita alikuwa na miguu mifupi kama ya stuli. "Huyu na ngazi za ghorofa ya saba? Nitambeba yeye, mimi nani atanibeba?" Wa tisa, uso umebonyea, ilisemekana hukoroma. "Niliolewa miaka ishirini na sita. Kukoroma nimeshakusikiliza kwa kutosha."

Akafika ukurasa wa mwisho. Pale alikuwepo mbwa mwekundu kama udongo wa barabarani, manyoya mafupi, mkia umejikunja juu ya mgongo kama mpini wa kikombe, na paji la uso lenye mikunjo kama mtu anayesoma mkataba. Jina la aina yake ni basenji. Bi. Sikudhani alianza kusoma maandishi madogo kwa sauti.

"Hujiramba mwilini kama paka. Hana harufu. Manyoya yake hayadondoki ovyo. Anafaa sana kuishi ghorofani na majirani hawatamlalamikia, kwa sababu..."

Akanyamaza.

"Kwa sababu nini?" aliuliza Bwana Lwambo.

"Kwa sababu ni msafi."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake. Niliyaona maneno yaliyobaki: kwa sababu habweki. Wajibu wangu kama mtumishi wa umma ulikuwa kusema. Nilifungua kinywa. Kisha nikalikumbuka jino la Mwalimu Akilimali, nikashikwa na kikohozi kikali sana.

Bwana Lwambo aliukunjia uso ule ukurasa. "Lakini mama, huyu si anafanana na mbwa koko wa kijijini kwetu?"

"Anatoka ng'ambo. Mmeandika wenyewe hapa: anakuja na paspoti."

Aliposikia paspoti, Bwana Lwambo alisimama wima, akagonga muhuri.

*

Mbwa alikuja kwa ndege ndani ya sanduku lenye madirisha. Paspoti yake ilikuwa na mihuri saba. Mimi sijawahi kuwa na hata mmoja. Mababu zake walichukuliwa kwenye misitu kama ya kwetu, wakapelekwa kupigwa picha, na sasa mjukuu alikuwa amerudi akiwa mgeni, akalipishwa viza. Bi. Sikudhani alimpa jina la Kifungu.

Jumanne ya kwanza, saa kumi alasiri, watu watano walipanda kwenda namba ishirini na nane. Kifungu aliwanusa viatu mmoja mmoja, akakaa chini, akawatazama. Jumanne iliyofuata walipanda tisa. Ya tatu walipanda ishirini na mmoja, na kati yao nilimwona Mwalimu Akilimali, akipanda polepole, kitu kirefu chembamba kimechomoza kwenye mfuko wa koti.

Mimi nilikaa chini nikahesabu miguu inayopita. Halafu nikasikiliza. Halafu nikaandika kwa mwandiko mzuri: namba ishirini na nane, hakuna.

Baada ya wiki tano za "hakuna", Bwana Lwambo alikuja kufanya jaribio, nami nikapanda naye kama shahidi. Alileta watu watano wasiojuana, waliolipwa posho ili wakae sebuleni kwa Bi. Sikudhani wakinong'ona na kutazama chini. Mmoja wao, kwa mujibu wa mwongozo, alitamka maneno ya majaribio: "Bei ya unga imepanda tena."

Kifungu akamtazama. Bwana Lwambo akapiga makofi karibu na sikio lake. Kifungu akajiramba mguu.

"Mbwa huyu ni mbovu!"

"Mzima. Ana chanjo zote," alisema Bi. Sikudhani. Alikuwa akitumiminia chai.

"Habweki!"

"Nisomee panapoandikwa abweke."

Bwana Lwambo akafungua sheria. Akasoma kifungu cha tatu. Akageuza karatasi akatazama nyuma yake. Akairudisha.

"Hili... hili lilikuwa linaeleweka tu, mama. Nani duniani aliwahi kuona mbwa asiyebweka?"

"Bwana Lwambo, mimi nilikuwa opareta. Mtu akinipigia, nilimuunganisha na namba aliyotaja. Sikumuunganisha na namba iliyokuwa inaeleweka."

"Basi mbadilishe, uendelee kukaa kwa amani. Ukurasa wa kwanza wapo wengi."

"Simbadilishi. Mliniambia nichague, nimechagua."

"Utatolewa nyumba hii!"

Bi. Sikudhani aliliweka birika chini. Alikuwa na miaka sitini na tisa na hakuwa na mtoto wa kumpokea. Lakini alinyanyuka.

"Njoo huku," akamwambia, akamwonyesha ukuta wa chumbani. "Tia kiganja hapo. Tia tu. Kinaingia? Kabla hujanitoa wewe, nyumba itanitoa yenyewe. Andika hivyo kwenye ripoti yako."

*

Mheshimiwa Waziri hakuweza kumtoa, kwa sababu alikuwa ameshaliambia bunge kwamba sheria imefanikiwa kwa asilimia mia moja, na mtu mmoja akitolewa ingebaki tisini na tisa na kitu. Akaamuru Kifungu apelekwe Chuo cha Taifa cha Mbweko kwa wiki tatu. Ili isionekane ameonewa, mbwa wote thelathini na wawili wa jengo letu wakapelekwa pamoja naye.

Lori lilipokuja, Bi. Sikudhani alimshusha Kifungu mwenyewe ngazi zote saba. Akamshika masikio, akamwambia, "Nenda. Usijifunze kitu."

Wiki tatu zile alizidi kukonda. Kila nilipopanda kumjulia hali nilimkuta amekaa karibu na bakuli la mbwa, halina kitu, limesafishwa. "Unadhani wanampiga?" aliniuliza siku moja. Mwalimu Akilimali, aliyekuwepo, alijishika mdomo.

Mbwa walirudishwa Jumamosi, kila mmoja na cheti shingoni. Cheti cha Kifungu kilisema: Amehudhuria. Kulikuwa na barua pia ya mkuu wa chuo, ambayo niliisoma mara mbili. Iliandikwa hivi: "Mwanafunzi huyu hakubweka hata mara moja. Wenzake walipokuwa wakibweka yeye aliwatazama tu, amekunja uso. Mmoja baada ya mwingine wakaona haya. Tunasikitika kuarifu kwamba sasa chuo kizima kiko kimya, na mwalimu mmoja ameomba uhamisho."

Jengo letu nalo likawa kimya. Mbwa mweupe wa Mwalimu Akilimali alimpita mjumbe mlangoni bila hata kugeuza shingo.

*

Hapo Mheshimiwa akaona lazima aje mwenyewe. Likajengwa hema uwanjani, zikapangwa safu za viti, redio ya taifa ikaleta mitambo ya kutangaza moja kwa moja. Wakazi tuliamriwa kukaa mbele, kila mtu na mbwa wake. Tulikuwa watu mia tatu hivi, pamoja na askari.

"Ndugu wananchi!" alianza Mheshimiwa Daktari Tunzo Magwila. "Taifa lisilobweka ni taifa lililolala! Ninyi mmepewa maghorofa, mmepewa mbwa, mmepewa mistari ya mapambo bila malipo! Je, shukrani iko wapi? Leo hii, mbele ya taifa, mbwa hawa watabweka. Nahesabu mpaka tatu!"

Akahesabu mpaka tatu. Mbwa thelathini na wawili wakamtazama.

Bwana Lwambo akapita na biskuti. Mbwa wakala, wakaendelea kutazama. Mheshimiwa akajifuta jasho, akacheka kicheko cha kwenye redio.

"Hawajakataa. Wamesahau tu. Wanahitaji uongozi." Akavua miwani, akakisogelea kipaza sauti, na nchi nzima ikamsikia Waziri wa Ujirani Mwema akibweka. Mara ya kwanza mfupi. Mara ya pili wa kutia shaka. Mara ya tatu alifumba macho, akabweka mrefu, vizuri kabisa, mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

Kifungu akapinda kichwa upande. Safu ya nyuma mtu akacheka, akajaribu kukigeuza kiwe chafya, akashindwa.

Mimi nilikuwa karani, na karani ana kiapo. Nikasimama, nikafungua daftari.

"Mheshimiwa, samahani. Namba ya nyumba?"

"Nini?"

"Mbweko umesikika, mmoja mfupi, mmoja wa kutia shaka, mmoja mrefu. Kifungu cha saba kinasema hapo pana mkutano. Lazima niandike mwenye mkutano ni nani."

Askari wakatazamana. Bwana Lwambo akaanza kupekua sheria kwa vidole viwili, midomo ikicheza. Na wakati wote wakisubiri apate ukurasa, Bi. Sikudhani alinyanyuka, akatembea hadi kwenye kipaza sauti, akamwambia Mheshimiwa, "Nipishe kidogo, baba," naye, kwa mazoea ya kuambiwa hivyo na mama yake, akapisha. Bi. Sikudhani akakunjua karatasi.

"Sisi wakazi wa Jengo la Tumaini Namba Tisa," alisoma, kwa ile sauti iliyokuwa ikisema zamani 'subiri, nakuunganisha', "tunasema kwamba ukuta wetu una ufa wenye upana wa sentimita tisa na nusu. Tulihitaji mhandisi, tukaletewa mbwa. Tulikutana nyumbani kwangu kila Jumanne, watu ishirini na zaidi, na jina langu nalitaja. Hatukuwa na siri. Tulikuwa tunaogopa kufa."

"Zimeni!" alipiga kelele Mheshimiwa.

Fundi wa mitambo akaweka mkono sikioni. Alisema hasikii vizuri, masikio yake bado yanalia kwa ule mbweko.

Bi. Sikudhani akasoma mpaka mwisho. Mwalimu Akilimali akasimama, akanyanyua rula juu, na jinsi alivyotabasamu lile pengo lilionekana na kila mtu.

*

Mchana uleule nilinyang'anywa kiti. Bi. Sikudhani alipelekwa kituoni, akahojiwa siku mbili na maafisa watatu. Walimuuliza nani aliyemtuma. Aliwajibu kwamba kwa miaka thelathini na miwili watu wengi walimtuma, lakini safari hii amejituma. Wakamwachia, kwa sababu kesi yake isingeweza kusomwa bila kutaja aliyebweka.

Aliporudi alikuta Wizara imeleta wapaka rangi. Akateremsha stuli, akaiweka mbele ya ufa ghorofa ya pili, akakaa na Kifungu miguuni.

"Mama, tumeagizwa kupaka," alisema kiongozi wao.

"Mtapaka mhandisi akishaona. Nendeni mkamlete."

Mwalimu akaja kukaa. Nami nikakaa. Hadi jioni ngazi zilikuwa zimejaa watu, na wapaka rangi wakaketi pamoja nasi, wakala wali wetu.

Siku ya tatu mhandisi alikuja, mwanamke kijana aitwaye Zawena, peke yake, bila kutumwa; alikuwa ameisikia ile barua kwenye redio. Alitia mkono ndani ya ufa mpaka kiwiko. Alipoutoa, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Tokeni," alisema kwa sauti ndogo. "Leo hii. Chukueni mnachoweza kubeba."

Tulitoka. Tulibeba wazee, magodoro, masufuria na mbwa. Na kwa kuwa hatukuwa na pa kwenda, tukaenda kwenye bustani ya Wizara ya Ujirani Mwema, tukatandika kwenye nyasi ambazo kibao kilisema zisikanyagwe.

Siku ya nne ghorofa ya nane iliangukia ya saba, na ya saba ikaangukia ya sita. Hapakuwa na mtu ndani. Redio ilitangaza kwamba serikali imepunguza urefu wa jengo ili kuwaondolea wananchi adha ya ngazi. Bi. Sikudhani alisikiliza taarifa yote akiwa amekaa kwenye nyasi. Kisha akamvuta Kifungu, akaficha uso shingoni mwake.

Kesho yake asubuhi Bwana Lwambo alishuka kutoka ofisini. Safari hii alisimama mbali kidogo.

"Wizara inauliza," alisema, "mtaondoka lini?"

Bi. Sikudhani alinyanyuka, akakung'uta majani kwenye kanga yake.

"Mwambie Mheshimiwa tutaondoka likijengwa jengo lingine, Zawena akalipima, na sote tukimwona akitia saini. Kama hilo halimpendezi, aje atubebe mmoja mmoja. Aanze na mimi. Mimi ni mzito."

Bwana Lwambo akasimama, akangoja kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Akarudi ndani.

Bi. Sikudhani akanigeukia. "Karani, daftari lako unalo?"

"Ninalo, mama."

"Andika: leo tumeulizwa swali, tumejibu."

Nikaandika.